Skonsi za Magu na Mizani ya Mlaji

Wako wasemao kwamba mkate hauhitaji mjadala: ukiwa na njaa, kula. Mimi siafiki. Kitu kinacholiwa kila asubuhi na watoto waendao shule kinastahili kuhakikiwa kama kitabu cha kiada, pengine zaidi, kwani kitabu husomeka tumbo likiwa limetulia.

Kwa muda wa mwezi mmoja nilinunua skonsi katika matanuri matatu ya mitaani hapa Magu, nikazila kwa chai ya rangi yenye sukari kidogo, ili utamu wa kikombe usifiche udhaifu wa mkate. Vipimo vyangu vilikuwa vitatu. Kwanza kuibonyeza: skonsi iliyoumuka sawasawa huinuka tena. Pili kuichana: ndani iwe na vitundu vidogo vinavyolingana. Tatu kuichovya: nzuri hutoka nzima, mbaya huacha nusu yake kikombeni.

Skonsi ya tanuri la kwanza hung'aa na ni tamu mno, lakini ukiichana ni kama sufi. Ya pili haikupewa muda wa kuumuka. Ni nzito, na hunuka hamira. Ya tatu haina sura ya kujivunia na kitako chake kina doa la moshi. Hata hivyo mama anayeioka hukanda unga jioni na kuuacha mpaka alfajiri. Ilifaulu vipimo vyote, na kesho yake ilikuwa bado inalika.

Tanuri la kwanza huuza pia kroasani, ule mkate uliopinda mfano wa mwezi mwandamo. Jina ni la Kifaransa, ingawa umbo lake lilitoka Vienna, Austria. Kroasani halisi hupatikana kwa kuukunja unga pamoja na siagi baridi mara kadhaa, tabaka juu ya tabaka. Siagi ikiyeyuka mapema, matabaka hupotea, na joto letu la kando ya ziwa halina huruma kwa siagi. Niliyoila mimi ilikuwa skonsi iliyopindwa tu. Ni sawa na mwanafunzi aliyenakili jibu la hesabu bila kujua njia yake.

Hayo yote yanasameheka. Lisilosameheka ni uzito. Niliziweka mizanini: skonsi mbili za tanuri la kwanza hazikufikia uzito wa moja ya tanuri la tatu, na bei ni ile ile. Najua waokaji wamebanwa. Ngano yetu nyingi hutoka nje, na vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 bei yake ilipanda duniani kote. Lakini kubakiza bei huku ukipunguza unga na kuongeza hewa ni kumpunja mtoto asiyejua mizani. Mzazi hushukuru kwamba bei haikupanda. Mtoto ndiye anayelipa tofauti ifikapo saa nne darasani. Wasukuma tuliokulia michembe na matobolwa tunajua maana ya kifungua kinywa kinachomfikisha mtu mchana. Viazi vile havikuwa na mng'ao, wala havikumdanganya mtu.

Basi mwokaji apandishe bei waziwazi, aache uzito ulivyo. Nawe mnunuzi, pima kwanza kwa mkono, jicho lifuate. Wahenga walisema kizuri chajiuza: skonsi za yule mama huisha jua halijapanda.