Mwangwi Kutoka Sikio la Mtoto

Muuguzi haikimbilii mashine ya kupima usikivu. Kwanza anamwomba mama amnyonyeshe mtoto mpaka alale, kisha anafunga dirisha la upande wa barabara. Bukavu ni mji wa vilima na pikipiki. Injini zinazopanda kwenda Kadutu husikika mpaka wodini, na mvua ikipiga mabati, kazi hii husimama kabisa. Leo mbingu ni nyeupe. Mtoto ana siku mbili. Angepimwa jana, ule utando mweupe wa kuzaliwa ungeweza kuwa bado umeziba tundu la sikio, na mama akapata hofu ya bure.

Sasa anachagua kizibo cha mpira. Anatazama tundu, anatazama vizibo, anachukua kimoja bila kukijaribisha. Analivuta sikio nyuma na chini kidogo, anakiingiza huku akikizungusha, halafu anaondoa mkono. Kikilegea, sauti huvuja. Kikiegemea ukuta wa tundu, hakipimi kitu. Hiki kimekaa, na mtoto hakukunja hata uso. Ndani ya kizibo mna spika na maikrofoni, zote ndogo mno.

Milio inaanza, makumi kwa sekunde. Kila mmoja hudumu kama sehemu 80 tu za milioni ya sekunde. Unatikisa kiwambo cha sikio, unapokezwa na vijifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, kisha unaingia koklea: mfereji wenye maji, urefu wa milimita 35 hivi kwa mtu mzima, uliojikunja mara mbili na nusu kama gamba la konokono. Mlio mfupi hivyo hubeba sauti nyembamba na nene kwa pamoja, na koklea huzitenganisha. Nyembamba hushuka karibu na mlango. Nene husafiri mpaka kileleni. Njia nzima imepangwa seli za nje zenye vinyweleo, kama 12,000 kwa kila sikio. Zikiguswa, hujifupisha na kujirefusha, zikilikuza wimbi, na chembe ya nguvu hiyo hurudi ilikotoka, ikakitikisa kiwambo kwa ndani na kutoka nje ikiwa sauti. Mwangwi wa sauti nyembamba hutangulia, wa nene hufuata, na ndani ya milisekunde 20 yote yamekwisha. Mwanasayansi Thomas Gold alibashiri mwaka 1948 kwamba lazima sikio liwe na kikuza sauti kilicho hai. Ilipita karibu miaka 30 kabla David Kemp, huko London, hajaunasa mwangwi huo kwa maikrofoni.

Mwangwi mmoja huzama katika pumzi ya mtoto. Kwa hiyo mashine hukusanya mamia na kuyajumlisha: kelele hubadilika kila mara na kufutana, jibu la sikio hurudi vilevile na kujengeka. Tena milio mitatu husukuma upande mmoja, wa nne husukuma upande wa pili kwa nguvu mara tatu. Ikijumlishwa, milio ya mashine hujifuta yenyewe. Jibu la sikio halifutiki lote, maana sikio hai halirudishi mara tatu kwa kupewa mara tatu.

Mtoto anameza mate. Alama ya kelele inapanda. Muuguzi hagusi kitufe. Anasubiri. Mtoto anahema kwa nguvu, naye anasubiri tena, mkono umetulia ukingoni mwa kitanda.

"Muganga, anasikia?"

"Tungoje kidogo, mama."

Alama ya kupita inatokea. Anamgeuza mtoto upande wa pili bila kumwamsha, na hilo peke yake ni kazi ya miaka.

Jibu hili linathibitisha seli, halithibitishi neva. Mtoto aliyepata manjano makali anaweza kurudisha mwangwi mzuri na bado asisikie, hivyo huhitaji pia kipimo cha neva ya kusikia. Gentamisini, dawa inayookoa vichanga wengi, inaweza kuua seli hizo, ikianzia zile za mlangoni, na kwa binadamu hazioti tena.

Mzazi ambaye mtoto wake alidungwa dawa hiyo, au alipata manjano makali au homa ya uti wa mgongo, na aulizie kipimo cha masikio mapema. Kwa mtoto mchanga, Shirika la Afya Duniani linashauri kifanyike kabla hajatimiza mwezi mmoja. Ampeleke akiwa ameshiba na anasinzia.