Toka Tandikoni Hadi Kalamuni: Ufundi wa Dick Francis

Wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni, na alasiri ya tarehe 24 Machi 1956, katika uwanja wa Aintree karibu na Liverpool, neno hilo lilitimia mbele ya macho ya maelfu ya watu. Farasi Devon Loch, mali ya mama yake Malkia wa Uingereza wa wakati huo, alikuwa amekwisha kuviruka viunzi vyote 30 vya Grand National, amewaacha wenzake nyuma, na hakubakiwa ila na yadi zipatazo 50 kuufikia ushindi, mara miguu ikamtoka, akalala kwa tumbo, na farasi mwingine, E.S.B., akampita na kutwaa taji. Aliyekuwa juu ya tandiko lake ni Dick Francis, bingwa wa wapanda farasi wa msimu wa 1953–54. Na mapema mwaka uliofuata, baada ya kuanguka vibaya na kunasihiwa apumzike, aliuacha mchezo akiwa na umri wa miaka 36.

Mtu huyo, aliyeacha shule akiwa kijana wa miaka 15, alitoa riwaya yake ya kwanza, Dead Cert, mwaka 1962, akaendelea kutoa takriban moja kila mwaka hata mwisho wa karne, na mara tatu akapewa tuzo ya Edgar ya Marekani kwa riwaya bora. Wako wanaodhani kwamba jina la mchezaji ndilo lililoviuza vitabu. Lakini jina huuza kitabu kimoja au viwili, haliuzi arobaini. Mimi nasadiki kwamba alifaulu kwa sababu adabu ya kazi yake ya kwanza hakuiacha zizini, bali aliihamishia mezani, na dalili zake zi dhahiri kwa kila asomaye kwa makini.

Dalili ya kwanza ni namna alivyoijenga sentensi. Mpanda farasi aendaye kwa kasi kukielekea kiunzi hana fursa ya kukata shauri akiwa chini ya kiunzi chenyewe. Hulikata hatua tatu au nne kabla, kwa kuukadiria umbali kwa jicho, akajua kama amfupishe mnyama hatua au amlegezee hatamu, kwa maana farasi akisharuka harejeshwi. Francis naye hakuwa na desturi ya kuandika rasimu ovyo kisha kuirudia. Aliikalia sentensi moja hata ikamridhisha, ndipo akaiandama ya pili, na alichokiandika mara ya kwanza ndicho alichompelekea mchapishaji. Alianza Januari, akamaliza Mei, mwaka baada ya mwaka, na miaka 16 ya kuandika habari za mbio katika gazeti la Sunday Express ilimzidishia tabia ya kutovumilia neno lisilo na kazi.

Ya pili ni mahali anapomweka msomaji. Tuutazame mwanzo wa Dead Cert, ambapo msimulizi, Alan York, yumo mashindanoni nyuma ya rafiki yake anayeongoza. Mwandishi aliyezoea kutazama mbio kutoka jukwaani angalianza kwa umati na rangi za mavazi; Francis anaanza puani na masikioni, kwa harufu ya mnyama na ya ukungu, na kwa vishindo vya kwato, yaani vile ambavyo aliye juu ya tandiko huvipata kabla ya vingine vyote. Rafiki anaanguka kiunzini, na msimulizi hana nafasi ya kufikiri, kwa kuwa farasi wake amekwisha kumpitisha. Waya uliotegwa pale huthibitika baadaye, arejeapo kwa miguu mahali alipopapita kwa kasi. Basi mbio zimeficha na mwendo wa pole umefichua, na kadiri riwaya inavyoendelea kubadilishana mwendo namna hiyo, msomaji huvutwa bila kujua kwamba hatamu imo mkononi mwa stadi.

Ya tatu ni maumivu, ambayo Francis, aliyevunjika mtulinga mara nyingi, aliyajua bila kusimuliwa. Katika Odds Against ya mwaka 1965 alimbuni Sid Halley, bingwa wa zamani aliyeharibika mkono wa kushoto katika ajali ya mbio, ambaye sasa huuficha mfukoni asubuhi hata jioni. Halley anakutana na karani, Zanna Martin, mwenye kovu kubwa usoni, aliyeielekeza meza yake ukutani ili aingiaye asimwone. Nao wanapatana kwamba yeye autoe mkono mfukoni na bibi aigeuze meza. Hakuna machozi wala mawaidha katika mapatano hayo: ni mfuko na meza tu, na bado msomaji hujua uzito wa aibu kuliko kama angalielezwa kwa kurasa kumi.

Insafu yadai tumtaje mkewe, Mary, maana mwili wa mpanda farasi una mpaka wa maarifa yake. Bibi huyu alijifunza urubani hata akawa rubani, elimu iliyoingia katika Flying Finish, akajifunza pia upigaji picha kwa ajili ya Reflex, na lugha ya mumewe akaipitia kwa jicho kali. Kwa hiyo kazi kama hizo zilizoingia riwayani zilikuwa zimekwisha kushikwa kwa mikono nyumbani mwao kabla ya kuandikwa.

Ujuzi hauzeeki, na mwanamichezo astaafuye hachukui taji wala makofi ya watu, ila huchukua jicho lililozoea kupima umbali na mwili unaojua gharama ya kukosea. Francis hakupewa tena zile yadi 50 za Aintree; lakini kila Januari aliikabili karatasi tupu kwa jicho lile lile, na kila Mei alifika.