Msiba wa Nyumbani Unapogeuka Utungo: Funzo la "Amina" ya Shaaban Robert

Kila mwalimu wa Kiswahili hukutana na insha ya msiba. Mwanafunzi aliyefiwa na mzazi huandika kuhusu kifo hicho, na kalamu nyekundu husita. Je, tunasahihisha uchungu au lugha? Makala haya yanadai kwamba uchungu wa kweli peke yake hauufanyi utungo kuwa sanaa. Ushahidi tutautoa katika shairi "Amina" la Shaaban Robert, kisha tutazame linamfaaje mwanafunzi wa Kanyangi, huku Kitui, ng'ambo ya Mto Athi kutoka Makueni.

Shaaban Robert (1909–1962) alimtungia Amina, mkewe, shairi hili la kilio baada ya kifo chake, akaliweka katika tawasifu yake, Maisha Yangu. Msomaji anayetarajia kusimuliwa sura ya Amina, sauti yake au mapishi yake hatavipata. Mshairi ameacha karibu kila kitu cha nyumbani nje ya shairi. Alichobakiza ni jina, maradhi, dua ya kumwombea mgonjwa apone, na ahadi ya mapenzi.

Nguvu ya shairi imo katika uteuzi huo, na hasa katika kitenzi kimoja: kufunga. Katika ubeti wa kwanza, marehemu amefananishwa na ua lililofunga baada ya kuchanua. Hapo kufunga ni kufa. Lakini kibwagizo kinayataja mapenzi yaliyofungwa, ambayo hakuna awezaye kuyafungua. Hapo kufunga ni kudumu. Neno lililobeba mauti ndilo linalobeba pia ndoa iliyoishinda mauti. Mtahiniwa anayeandika tu kwamba "mshairi ametumia tashbihi ya ua" amekitaja kifaa bila kueleza kazi yake. Alama zimo katika kueleza jinsi tashbihi hiyo inavyojibiwa na kibwagizo.

Umbo nalo lina kazi. Shairi ni tarbia, lenye mizani kumi na sita kwa kila mshororo, nane katika ukwapi na nane katika utao. Mtu aliyefiwa hulia bila mpango; mshairi huyu amelazimika kuhesabu. Arudhi hapa ni ukingo wa mto: bila ukingo, maji ya huzuni yangetapakaa yasifike popote. Kila ubeti unapojaribu kuzama katika majonzi, kibwagizo huurudisha kwenye ahadi.

Wahakiki chipukizi hujiuliza: ikiwa mume wa kweli anamlilia mke wa kweli, je, nafsineni ndiyo Shaaban Robert? Jibu letu ni kwamba maisha ya mtunzi ni mlango wa kuingilia, si nyumba yenyewe. Inafaa kujua kwamba Amina aliishi. Hata hivyo, anayejibu swali la ushairi athibitishe hoja zake kwa maneno ya shairi. Nafsineni ni mume aliyefiwa, nafsinenewa ni marehemu mke wake. Hayo yanajidhihirisha hata kwa msomaji asiyejua lolote kuhusu Tanga alikotoka mshairi.

Shaaban Robert hakuishia kwenye kilio. Katika tawasifu hiyo hiyo mna Utenzi wa Hati aliomtungia binti yake na Utenzi wa Adili aliomtungia mwanawe wa kiume. Mzazi aliyebaki amegeuka mshauri. Kabla yake, mwaka 1858, Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi akiwa mgonjwa, naye akayatumia maisha yake ya ndoa na marehemu mumewe kama ushahidi wa wosia anaoutoa. Katika tungo hizi, kumbukumbu ya familia imepewa kazi ya kufanya: kuaga, kuusia, kulea.

Turudi Kanyangi. Mwanafunzi wetu huenda akadhani kuwa tungo za aina hii ni mali ya pwani. La hasha. Wakamba wamezoea kuhifadhi hasara kwa maneno machache. Njaa ya mwaka 1961 iliitwa ya Ndeke, yaani ndege, kwa sababu ya chakula cha msaada kilicholetwa kwa ndege. Ile ya 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete: nafa huku nimeshika, yaani fedha zimo mkononi na chakula hakipatikani. Jina hilo ni kinaya kamili, na lina nafsineni yake. Hali kadhalika, mtoto hupewa jina la babu au nyanya, na kila anapoitwa, aliyetangulia hutajwa. Mwanafunzi aliyelelewa katika desturi hizi hana haja ya kuazima "machozi yalinitiririka njia mbili mbili", maneno ambayo msahihishaji ameyasoma mara elfu. Achague kitu kimoja: kiondo ambacho nyanya alikiacha hakijamalizika kusukwa, au mtungi uliozoea safari ya mtoni. Akieleze kitu hicho kwa usahihi, akiache kiseme.

Kwa mwalimu, mambo mawili ni ya lazima. Kwanza, asimlazimishe mwanafunzi kuanika msiba wake mbele ya darasa. Nafsineni ni vazi. Anayetaka kulivaa avae, aandike juu ya "Musyoka" au "Mumbua" badala ya "mimi". Pili, akishaandika, asihurumiwe kwa alama za bure. Kumsahihishia mwanafunzi sentensi yake kuhusu marehemu mama yake ni kumwambia kwamba mama huyo anastahili sentensi iliyo bora zaidi. Shaaban Robert alimhesabia Amina mizani kumi na sita katika kila mshororo. Hiyo ndiyo heshima aliyompa.