Dzombo na Yasmin: Riwaya Nne kwa Juma Moja

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kuitenga riwaya ya mapenzi na riwaya ya njozi, kana kwamba ya kwanza ni ya kuwaburudisha vijana na ya pili ni ya kuwafikirisha wazee. Mgawanyo huo hudumu kwa sababu kazi hizi husomwa mojamoja, kila moja katika kozi yake. Anayezisoma kwa kupokezana, ya njozi asubuhi na ya mapenzi usiku, huuona ukilegea. Mathalani, mwanafunzi wa uzamili aliye likizoni Msambweni aweza kujitengea juma moja kwa vitabu vinne: Kiu (1972) ya Mohamed Suleiman Mohamed, Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, Vuta n'kuvute (1999) ya Adam Shafi na Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed.

Litakalomgutusha kwanza ni jina. Shujaa wa Walenisi ni Dzombo, na Dzombo ni jina la watu miongoni mwa Wamijikenda, tena ni jina la kilima katika Kwale, upande wa Lunga Lunga. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa katika chombo cha kurushwa angani, anakimudu, kisha anatua katika nchi ambayo jina lake likitenganishwa husomeka 'wale ni sisi'. Safari ya mbali kiasi hicho inaanzia kwa jirani. Katika Kwale wenyeji wengi wameishi kama maskwota juu ya ardhi ya mababu zao, na familia za Nguluku na Maumba zilihamishwa kupisha uchimbaji wa madini ya titani uliokoma mwaka 2024. Huko, swali la nani ni 'sisi' na nani ni 'wale' halihitaji sayari nyingine.

Usiku msomaji huyo anamkuta Yasmin wa Vuta n'kuvute, binti wa Kihindi aliyeozwa Raza, mume aliyemzidi umri mno. Yasmin anatoka katika nyumba ya mumewe kwa miguu yake mwenyewe, na jamaa zake wanamkataa. Anachofanya ndicho anachofanya Dzombo, ila Yasmin hana chombo. Mapenzi yake na Denge, mpinzani wa ukoloni, yanamwingiza katika maisha ambayo jamaa zake hawakuweza hata kuyawaza. Ikiwa njozi ni kuwaza maisha kinyume cha yaliyopo, basi Shafi ameandika njozi yenye vyumba, kodi na njaa.

Hapo ndipo udhaifu wa Mkangi unapodhihirika. Akishafika Walenisi, Dzombo anaonyeshwa na kuelezwa mengi, lakini hana cha kutamani. Jamii imekwisha kamilika, na riwaya inageuka darasa. Kiu, ambayo wengi huipitia haraka kama kisa cha Bahati baina ya Mwinyi, mzee tajiri, na Idi, kijana mwenye tamaa ya fedha, inajua kwamba msomaji huvutwa na kinachokosekana. Mkangi angaliweza kujifunza hapo, na wahakiki wake pia.

Babu Alipofufuka inasimama kando. Kwa aliyekulia karibu na Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo huko Diani ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, marehemu anayerudi si kioja. Haulizi imewezekanaje, anauliza babu amekuja kudai nini kwa K, mjukuu mwenye cheo na raha. Usomaji unaoanzia kwenye swali hilo ni bora kuliko ule unaokimbilia kuipa riwaya jina la uhalisiajabu na kuishia hapo.

Hata hivyo, ni riwaya hii hii inayodhurika zaidi na kasi ya juma moja. Kiu huvumilia kusomwa kwa mkupuo, na Vuta n'kuvute karibu hudai hivyo. Safari ya usiku ya K na babu yake, ikibanwa baina ya Bahati na Yasmin, hupoteza giza lake. Haina budi kurudiwa peke yake, juma jingine.