Uhakiki wa Filamu: Usiku wa Mwisho wa Linotype

"Farewell, Etaoin Shrdlu" ni filamu ya matukio halisi iliyoongozwa na David Loeb Weiss. Inaonyesha usiku wa kuamkia tarehe 2 Julai 1978, gazeti la The New York Times lilipopangwa kwa risasi iliyoyeyushwa kwa mara ya mwisho. Msimulizi wake, Carl Schlesinger, alikuwa mfanyakazi wa chumba hicho hicho, ndiyo maana haielezi mashine kama mgeni aliyekuja kuitazama.

Linotype, iliyobuniwa na Ottmar Mergenthaler, ilianza kazi katika New York Tribune mwaka 1886. Kabla yake herufi ziliokotwa moja moja kwa mkono. Sasa mtu mmoja alibonyeza vibao, vikalibu vya shaba vikajipanga, kisha mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni ukamiminwa na kutoa mstari mzima. Filamu inatuachia tuyaone na kuyasikia hayo bila haraka, na hapo ndipo ubora wake ulipo.

Jina la filamu linatuhusu sana sisi walimu wa lugha. E-t-a-o-i-n na s-h-r-d-l-u ni safu mbili za kwanza za vibao, zilizopangwa kwa kufuata wingi wa matumizi ya herufi katika Kiingereza. Mpangaji aliyekosea alitelezesha kidole juu yake ili aujaze mstari, uondolewe na kuyeyushwa upya. Mara nyingine ulisahaulika, ukachapwa gazetini. Katika Kiswahili herufi inayoongoza ni a, wala si e, na k tunayoihitaji kila mara iliwekwa katika safu ya nne! (Mwanafunzi wa isimu anayetilia shaka na ahesabu ukurasa mmoja tu.)

Sehemu ya pili, inayohusu kompyuta, haina uzito huo. Wafanyakazi wanaulizwa maoni yao. Yupo anayeamua kustaafu, na wapo wanaokubali kujifunza upya. Hata hivyo, mtazamaji asiyeujua mkataba wa mwaka 1974, uliowahakikishia wapangaji ajira ya maisha ili waajiri nao waingize mitambo mipya, atadhani kwamba utulivu ule ni tabia ya watu wapole tu. Sivyo. Chama chao kilikuwa kimegoma siku 114, kuanzia Desemba 1962 hadi Machi 1963, na mitambo ilikuwa mojawapo ya hoja zao.