Looaa, Mungu na Thamani ya Binti wa Mbulu

Ni nadra siku hizi kuhudhuria kongamano la vijana wa Kikristo bila kusikia somo la utambulisho katika Kristo. Kiini chake ni kifupi: una thamani kwa sababu umeumbwa kwa mfano wa Mungu. Mhubiri anafungua Mwanzo 1:27, watu wanaitikia amina, somo linaendelea. Sina ugomvi na fundisho hilo. Ninachouliza ni kama binti aliyekaa benchi la nyuma anaweza kweli kujiona ndani ya mfano huo.

Kiswahili kinaturuhusu kulikwepa swali hili. Tukisema Mungu ameumba, anapenda, anasamehe, hakuna kiambishi kinachotuambia kama tunamzungumzia baba au mama. Kiiraqw hakina maficho hayo. Lugha hii ya Wairaqw wa Mbulu, inayosikika pia Hanang, ni ya Kikushi: nomino zina jinsia, na kitenzi huifuata jinsia hiyo. Jina la Muumba ni Looaa, ambalo pia ni jina la jua, nalo ni la kike. Katika imani ya jadi Looaa ni mwema, anakimbiliwa kama mama. Wanaoogopwa ni Netlangw, roho wakaao kwenye chemchemi na vijito.

Sasa Biblia itafsiriwe vipi hapo? Aloo Mojola, msomi wa Kenya na mshauri wa tafsiri za Biblia, aliliandikia suala hili makala mwaka 1995 katika jarida la The Bible Translator. Ukilitumia jina Looaa, sarufi itakulazimisha kumtaja kwa jinsia ya kike yule ambaye Yesu alimwita Baba. Ukiazima "Mungu" kutoka Kiswahili, unapata amani ya sarufi, lakini unamletea bibi wa Mbulu jina la mgeni na kumwambia kwamba huyu ndiye aliyemuumba.

Makala hiyo iliandikiwa watafsiri, na swali la watafsiri ni neno gani litumike. Mimi naisoma nikiwa na swali la yule binti wa benchi la nyuma. Kwake, kuchagua jina ni kuamua kama sala za bibi yake zilimfikia Mungu au zilipotea njiani. Ukimwambia kwamba zilipotea, umemwambia pia kwamba utambulisho wake unaanza siku ya ubatizo wake, na kwamba waliomtangulia hawana cha kumrithisha isipokuwa aibu.

Waliolihofia jina Looaa walikuwa na hoja. Jina linalomaanisha pia jua linaweza kuwachanganya waumini, na neno Baba limo katika sala ambayo Yesu mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wake. Hata hivyo, Isaya 49 na 66 zinamlinganisha Mungu na mama bila wasiwasi wowote. Na Wakristo wa Ulaya wenyewe walibatiza majina ya kale ya miungu yao katika lugha zao, wala hatusikii kwamba imani yao iliporomoka kwa sababu hiyo.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaodhani kumrudisha Looaa kutatosha. Jamii iliyomwita Mungu mama ndiyo hiyohiyo iliyokuwa na desturi ya metimani, yaani kumtenga mtu aliyehesabiwa kuwa na unajisi. Mama aliyefiwa na mtoto alikaa mbali na majirani. Binti aliyepata mimba kabla ya ndoa aliweza kuondolewa kwao kabisa, akajifungulie mbali. Jina la kike la Mungu halikumkinga. Ukristo ulipoidhoofisha desturi hiyo, wapo waliofunguliwa mlango, na hilo tusilifiche kwa sababu tu tumechoka na lawama dhidi ya mila zetu.

Ila mlango ule haukubaki wazi kwa wote. Katika makanisa mengi nchini, binti mwenye mimba nje ya ndoa hutengwa na meza ya Bwana mpaka atakapotubu hadharani na "kurudi kundini". Mimba yake inaonekana, ya mwanamume haionekani, kwa hiyo mara nyingi anasimama mbele peke yake. Nayo serikali, mpaka Novemba 2021, haikumruhusu kurudi katika shule ya umma baada ya kujifungua. Mila, kanisa na shule, kila kimoja kwa zamu yake, vimemweleza jambo moja.

Ndiyo maana somo la utambulisho haliwezi kuishia kwenye maneno ya kujitia moyo. Kumwambia mtu kwamba ana thamani machoni pa Mungu, kisha ukamwondoa mezani, ni kumwachia yeye kazi ya kuamini kile ambacho wewe hukuonyesha kukiamini. Jina Looaa lina kitu cha kutufundisha: kwamba Mungu alikwisha kujulikana Mbulu kwa sura ambayo mwanamke angeweza kujiona ndani yake. Metimani nayo inatufundisha kwamba sura hiyo haina faida kama hakuna anayemfungulia mlango. Kongamano lijalo, mhubiri akishafungua Mwanzo 1:27, aulizwe ni nani ambaye hakuruhusiwa kuingia.