Wanaotutoa Tongotongo

Kiingereza kina ghala zima la vitenzi vya kumtia mtu kizani. Confuse asili yake ni Kilatini, kumimina vitu pamoja hadi visitengane. Muddle kimetoka kwenye kuvuruga tope, perplex kwenye kusokota na kutatiza, obfuscate kwenye kutia giza. Bamboozle hakijulikani hata ukoo wake: kilizuka mwanzoni mwa karne ya 18, na mwaka 1710 Jonathan Swift alikilalamikia katika jarida la The Tatler kuwa ni kimojawapo cha maneno yanayoiharibu lugha. Swift amekufa, kitenzi kipo. Nasi hatukosi vyetu. Tunavuruga, tunatatiza, tunakanganya, tunababaisha, tunazuga, tunapiga chenga.

Sina ugomvi na ufundi wa kuficha maana. Kiswahili kimelelewa kwa mafumbo, na Mombasa ya Muyaka bin Haji haikumheshimu mshairi kwa kusema kila kitu waziwazi. Ila fumbo la mshairi hufumbwa kwa msikilizaji mwenye wasaa wa kulifumbua. Mgonjwa hana wasaa huo, wala mtu anayesubiri kuambiwa kama atapewa hifadhi. Kwa hao, fundi anayehitajika ni mkalimani, na kwangu mimi hakuna kazi ya maneno inayostahili sifa kuizidi yake.

Wakalimani ninaowasema wengi wametoka Dzaleka, wilayani Dowa, nchini Malawi. Palikuwa gereza la kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda, pakageuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, pakapangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wanaishi humo zaidi ya 50,000. Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia wamekutana hapo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao sokoni, kanisani na bombani. Ofisini wanakutana na Kiingereza, nje ya uzio wanakutana na Kichewa. Anayezimudu lugha hizi zote huitwa usiku na mchana, mara nyingi bila malipo, kwa sababu tu alikuwa jirani.

Likuni iko viungani mwa Lilongwe. Kwa Wamalawi wengi jina hilo ni uji, ule wa unga wa mahindi na soya uitwao Likuni phala. Kwa msemaji wa Kiswahili aliyekuja mjini kutafuta riziki, Likuni ni hospitali ya misheni. Mfikirie mama mmoja wa Kivu, mashariki mwa Kongo, amelazwa wodini, ana homa kali. Muuguzi anauliza kwa Kiingereza kama mgonjwa ni confused. Katika lugha ya tiba swali hilo lina mipaka yake: anajua yuko wapi, leo ni siku gani, huyu aliyesimama kando ni nani? Mkalimani wa kubahatisha atamgeukia binti wa mgonjwa: "Wanauliza kama mama amechanganyikiwa." Ameshaharibu. Binti amesikia mama yake akiitwa kichaa, naye atakana kwa kiapo, hata kama tangu alfajiri mama anamwita kwa jina la dada yake aliyefariki.

Fundi halibebi neno hilo zimazima. Anainama kitandani. "Jambo mama. Hapa tuko wapi? Huyu ni nani? Leo ni siku gani?"

"Siku ya tatu," mama anajibu.

Mtu wa Dar es Salaam angedhani anahesabu siku alizolazwa. Jibu hilo likipelekwa hivyo kwenye Kiingereza, kwenye faili itaandikwa kuwa mgonjwa hajui siku. Kumbe Kivu wengi huita Jumatatu siku ya kwanza, na Jumamosi siku ya posho. Siku ya tatu ni Jumatano, na leo ni Jumatano kweli. Mkalimani anayezijua pande zote hana haja ya kupitia Kiingereza. Anamwambia muuguzi "Lachitatu", ambayo kwa Kichewa nayo ni hiyohiyo siku ya tatu, na jambo limekwisha. Lugha mbili jamaa zilikuwa zimeshaelewana; iliyokuwa ikikoroga ni ile ya katikati. Halafu suala la jina la dada marehemu analieleza lilivyo, bila kulipunguza, maana daktari asipolijua atatibu nusu ya ugonjwa.

Uangalifu huo unakuwa na uzito mwingine kwenye mahojiano ya kuomba hifadhi, ambako maelezo ya leo hulinganishwa na yale ya miaka iliyopita. Mwanamke anasimulia usiku wa kukimbia, anafika mahali anasema, "Hapo nikachanganyikiwa." Kwa Kiswahili ametaja hofu, uchungu, akili kumruka kwa alichokiona. Ukimwandikia kwa Kiingereza kwamba she got confused, msomaji wa faili ataona shahidi aliyekoroga tarehe zake. Vipande vidogo vya kitenzi ndivyo vinavyobeba kesi hapo: aliyechanganya na aliyechanganyikiwa si mtu mmoja. Wa kwanza anatuhumiwa, wa pili ameumizwa.

Hapo kuna kishawishi kikubwa, hasa kwa mkalimani aliyekimbia vita hivyohivyo. Anaweza kulirekebisha neno kimyakimya, amsaidie ndugu yake. Wale ninaowavulia kofia hawafanyi hivyo. Wanasimamisha mazungumzo, wanamwambia ofisa mbele ya mhusika kwamba neno hili lina maana zaidi ya moja, wanaomba ruhusa ya kuuliza. Kisha wanamgeukia: "Mama, ulipochanganyikiwa, ulisahau mambo yalivyofuatana, au ni moyo ulikushinda?" Jibu linatoka kinywani mwake mwenyewe, linaandikwa kama alivyolitoa, na ofisa akiendelea kuuliza anauliza juu ya kilichotokea usiku ule, hagombani tena na tarehe.